Kiyoyozi na Hita ya Maji Vifuate Majira

Mazungumzo na watumiaji wa umeme wa majumbani katika mitaa ya pembezoni ya Kinondoni na Temeke



Tumekuja kuzungumza juu ya namba moja tu, ile inayowaka kwenye rimoti ya kiyoyozi, pamoja na nduguye, yaani kile kitasa kilicho kwenye hita ya maji ya kuogea. Katika nyumba nyingi tulizozitembelea, Mbagala hadi Bunju, Chamazi hadi Madale, namba hiyo hupangwa siku fundi anapofunga kifaa, kisha haiguswi tena. Januari ni ileile, Julai ni ileile. Hali ya hewa ya nje inabadilika, kifaa hakina habari, na tofauti hiyo inalipwa na mwenye LUKU.

Wale wenye ndugu walioko Uingereza au Ujerumani huenda wamewahi kusikia habari za boila. Huko nyumba hupashwa joto kwa maji ya moto yanayozunguka katika mabomba ya ukutani. Zamani boila ilichemsha maji kwa kiwango kimoja, iwe theluji inaanguka au jua limetoka. Baadaye wakaweka kihisi kidogo cha joto kwenye ukuta wa nje, upande usiopigwa na jua. Kihisi kinaiambia boila: leo nje si baridi sana, punguza moto. Tangu Aprili 2018, kanuni za England zinamtaka anayefunga boila ya aina ya kombi aongeze mojawapo ya nyongeza nne za kupunguza matumizi, na kidhibiti hicho kinachofuata hali ya hewa ni mojawapo. Ujerumani ilikuwa imekwisha kulidai jambo la namna hiyo kwa miongo mingi.

Sisi hatuna boila, wala Mungu hakutujaalia theluji. Hata hivyo kanuni yenyewe ni yetu pia, kwa sababu mashine ya kupoza na mashine ya kupasha zote zinafanya kazi dhidi ya tofauti iliyopo kati ya ndani na nje. Tofauti ikiwa ndogo, kazi ni ndogo. Ikiwa kubwa, kazi ni kubwa. Na sisi watu wa pwani tumekuwa na kihisi cha nje tangu enzi za majahazi, nacho ni majina ya majira. Kaskazi, toka Desemba hadi Machi, ni joto la mchana linalofika nyuzi 31 hadi 33, na usiku usioshuka sana chini ya 25. Masika yakija hewa inajaa maji. Kipupwe, Juni hadi Agosti, usiku hushuka hadi nyuzi 19 au hata 18, na watoto wanaenda shule na sweta. Kisha mwaka unaanza kupanda tena kuelekea vuli na joto la mwisho wa mwaka. Kifaa cha nyumbani hakizijui habari hizi. Ni sisi wa kukiarifu.

Tuanze na kiyoyozi, maana ndicho kilichotuleta hapa.

Mama mmoja wa upande wa Chamazi alitufikia na vikaratasi vya LUKU vya miezi saba, amevibana kwa pini ya nguo. Nyumbani kwake anaishi mkwewe, bibi mwenye shinikizo la damu, na kiyoyozi kilinunuliwa kwa ajili ya chumba cha bibi huyo baada ya kuzidiwa na joto la Februari. Aliyekifunga aliweka namba 16 na kumwambia kwamba hiyo ndiyo inayopoza upesi. Bibi akawa analala chini ya blanketi zito katikati ya kaskazi. Mwezi wa saba ulipofika, yule mama alikuwa amefikia uamuzi wa kukizima kabisa na kukiuza, kwa kuwa fedha ya umeme ilikuwa imeanza kula fedha ya dawa. Swali lake kwetu lilikuwa fupi: mnaweza kunisaidia kupata mnunuzi?

Hatukumtafutia mnunuzi. Tulimwomba kwanza tuitazame ile 16.

Ndugu zetu, namba ya kwenye rimoti si kasi, wala haifanani na pedali ya gari. Ni mahali ambapo mashine inaambiwa isimame. Kiyoyozi cha kawaida, kisicho cha inveta, kina kompresa inayojua mambo mawili tu: kufanya kazi yote au kutofanya kabisa. Ukikiambia 16 au ukikiambia 25, baridi inayotoka katika dakika za mwanzo ni ileile. Tofauti ni kwamba cha 25 kitafika na kupumzika, na cha 16, katika nyumba zetu zenye bati, madirisha ya aluminiamu yenye mianya na mlango unaoacha upenyo wa vidole viwili chini, hakitafika kamwe. Kitaunguruma hadi alfajiri kikiifukuza namba kisichoweza kuifikia.

Tupige hesabu pamoja. Kiyoyozi cha BTU 12,000, ambacho mafundi wengi wanakiita cha farasi moja na nusu, hula takriban kilowati 1.1 kompresa inapofanya kazi. Kikifanya kazi bila kupumzika kwa saa 8 za usiku, kimekula uniti 8.8. Kwa mteja wa daraja la T1, bei iliyopangwa katika agizo la mwaka 2016 ni shilingi 292 kwa uniti. Ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya nishati vijijini asilimia 3 na ya udhibiti asilimia 1, uniti moja inafika shilingi 356. Usiku mmoja basi ni shilingi 3,130 hivi, na usiku thelathini ni takriban shilingi 94,000. Chumba hicho hicho kikipangwa nyuzi 26, kompresa ikapata kupumzika nusu ya muda, hesabu inashuka hadi shilingi 47,000. Hatusemi kwamba kila nyumba itapata nusu kamili. Chumba chenye silingi bodi na pazia zito kitapata zaidi, na chumba ambacho bati linaonekana ukilala chali kitapata pungufu. Lakini njia ya fedha ni hiyo.

Sasa, nyuzi ngapi ni sahihi? Hapa tunaomba radhi, maana wengi hupenda wapewe namba moja waondoke nayo. Namba moja ndiyo ugonjwa wenyewe. Mafundi wa Ulaya wanapoipanga boila inayofuata hali ya hewa hawapati jibu siku ya kwanza. Hupunguza kidogo, husubiri siku kadhaa, huwauliza wenye nyumba, kisha hupunguza tena hadi mmoja aseme anasikia baridi, na hapo hurudi hatua moja nyuma. Nasi twaweza kufanya vivyo hivyo bila kununua chochote.

Anza na nyuzi 24. Kabla ya kulala, soma uniti zilizobaki kwenye mita na uziandike kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani; asubuhi soma tena uandike. Baada ya usiku wa tatu panda hadi 25, kisha 26, kisha 27. Usibadilishe kila usiku, kwa sababu usiku mmoja wa mvua utakudanganya, na wageni wawili waliolala chumbani pia watakudanganya. Siku mtu wa chumba hicho atakapoamka amelowa jasho, shuka hatua moja. Hiyo ndiyo namba ya chumba chako kwa majira hayo. Iandike pamoja na jina la majira: kaskazi, 26, masika, 27, na kadhalika. Mwaka ukizunguka utakuwa na jedwali lako mwenyewe, ambalo hakuna muuzaji anayeweza kukuuzia, kwa kuwa halijui mtu isipokuwa nyumba yako.

Pangaboi lisisahauliwe. Wengi wakishanunua kiyoyozi hulizima pangaboi kana kwamba limestaafu. Pangaboi hula wati 60 au 75 hivi, yaani usiku mzima halifiki hata uniti moja, na upepo wake juu ya ngozi humfanya mtu aone nyuzi 27 kama 25. Kwa mji kama Dar es Salaam, ambapo kinachotutesa ni unyevu sawa na joto, upepo ni nusu ya dawa. Tunalisema hili tukijua kwamba wapo vijana watakaotuona washamba.

Wakati wa kipupwe, jambo ni jepesi zaidi. Saa mbili za usiku nje ni nyuzi 25 hivi na saa kumi alfajiri ni 19. Mtu anayehitaji kiyoyozi wakati wa kulala hakihitaji kabisa saa tisa usiku. Rimoti nyingi zina kitufe cha taima, na nyingi pia zina kitufe chenye picha ya mwezi. Taima itakizima saa uliyoipanga. Kitufe cha mwezi huipandisha namba kidogo kidogo kadiri usiku unavyokwenda, na kwa kweli hicho ndicho kitu kilicho karibu zaidi na boila ile ya Ulaya: mashine inayodhani, bila kupima, kwamba nje kunapoa. Nyumba nyingi zina kitufe hicho na hakijawahi kubonyezwa tangu rimoti itolewe kwenye nailoni yake. Na katika usiku mwingi wa Julai, dirisha lenye wavu wa mbu linatosha.

Lipo jambo moja ambalo hatutaki lieleweke vibaya. Mtoto mchanga, mzee, mwenye shinikizo la damu, mwenye kisukari, mama mjamzito: hawa joto kali linaweza kuwadhuru kweli, na chumba chao si mahali pa kufanyia majaribio ya kubana matumizi. Kwao tunapanga namba kwa kuwauliza na kuwatazama, kisha tunatafuta akiba mahali pengine ndani ya nyumba. Yule bibi wa Chamazi aliishia kwenye nyuzi 25, pangaboi likizunguka taratibu, gunia lililokunjwa likiwa chini ya mlango, na shuka badala ya blanketi. Kiyoyozi hakikuuzwa.

Kwa anayefikiria kununua, maneno machache. Kiyoyozi cha inveta kinaweza kupunguza mwendo wa kompresa badala ya kuizima na kuiwasha, mfano wa dereva anayekwenda polepole kwenye foleni ya Mbagala Rangi Tatu badala ya kukanyaga mafuta na breki kwa zamu. Kwa mtu anayekitumia kila usiku, bei yake ya juu hurudi. Kwa mtu anayekiwasha Jumapili wageni wanapokuja, huenda isirudi. Na usinunue kikubwa kupita chumba kwa kudhani unajitendea haki. Kiyoyozi kikubwa hupoza chumba kidogo kwa dakika chache, hujizima kabla hakijakausha unyevu, na mnabaki katika baridi yenye majimaji kama pango. Uliza BTU, pima chumba chako, na uje na vipimo dukani.

Halafu kuna habari ya gesi. Ikiwa fundi anakuja kila baada ya miezi sita kukuongezea gesi, muulize swali moja: iliyokuwemo imekwenda wapi? Gesi ya kiyoyozi haichakai wala haiungui kama ya jiko. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na kama imepungua basi kuna tundu. Kazi ya fundi ni kulitafuta tundu, kuliziba, kisha kujaza, tena kwa gesi ya aina iliyoandikwa kwenye kibao cha kifaa. Viyoyozi vya zamani vinatumia R22, ambayo dunia inaiondoa sokoni kwa mujibu wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Vya sasa vingi vinatumia R410A au R32. Hazichanganywi. Mara nyingi, hata hivyo, kiyoyozi kinachosemwa kimeishiwa gesi kina chujio lililoziba vumbi tu. Lifungue, lioshe kwa maji, likauke kivulini, lirudishe. Kwa barabara zetu za vumbi, kufanya hivyo kila wiki mbili au tatu si kuzidisha.

Sasa tuje kwenye hita ya maji, ambayo ni ndogo kwa umbo lakini ina tumbo kubwa kuliko kiyoyozi.

Ile inayofungwa moja kwa moja kwenye bomba la mvua bafuni mara nyingi ni ya wati 5,500. Mtu mmoja akioga dakika 10, imekula uniti 0.9. Familia ya watu watano, kila mmoja mara moja kwa siku, ni uniti 4.6 kwa siku na 137 kwa mwezi, yaani karibu shilingi 49,000 kwa bei tuliyoitaja. Na hapa kuna jambo linalowagusa hasa walio katika daraja la D1, wanaolipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, mradi wasizidi uniti 75 kwa mwezi. Uniti 75 kwa mwezi ni uniti mbili na nusu kwa siku. Hita hii peke yake, jokofu na taa zikiwa hazijahesabiwa, imekwisha kuuvuka mpaka huo. Kila uniti inayozidi 75 bei yake ni shilingi 350 kabla ya kodi na tozo, na anayeendelea kuzidi mwezi baada ya mwezi huhamishiwa T1. Tumekutana na watu waliodhani mita imeharibika. Mita ilikuwa nzima. Kilichobadilika ni kwamba walikuwa wamefunga hita.

Tazama kitasa chake. Nyingi zina nafasi mbili au tatu: kuzima, vuguvugu, na moto. Ni kidhibiti cha hali ya hewa, ila kinaendeshwa kwa mkono. Nafasi ya moto ilikusudiwa mahali ambapo maji ya bomba yana baridi ya kuuma, kama ambavyo wangeihitaji wenzetu wa Njombe au Lushoto. Maji yetu yanatoka wapi? Yanatoka kwenye tangi jeusi la plastiki, lile simtanki, lililopigwa na jua juu ya mnara mchana kutwa. Wakati wa kaskazi maji hayo jioni yanakuwa nyuzi 28 au zaidi bila msaada wa mtu. Bomba linalotoa lita 3 kwa dakika, likipita kwenye wati 5,500, huongezewa nyuzi 26; jumla ni 54, na hayo si maji ya kuoga, ni maji ya kuchunia kuku. Ndiyo maana mtu hufungua bomba zaidi ili yapoe, akawa anamwaga umeme na maji ya DAWASA kwa wakati mmoja. Hita hiyo hiyo kwenye nafasi ya vuguvugu, tuseme wati 3,000, huongeza nyuzi 14. Asubuhi ya Julai, maji ya tangi yakiwa nyuzi 23, unapata 37, joto la mwili wa mwanadamu. Kwa maneno mengine, kwa mkazi wa Dar es Salaam nafasi ya vuguvugu inatosha hata siku ya baridi kuliko zote, na wakati wa kaskazi kitasa kikae kwenye kuzima. Familia ile ya watu watano, ikioga kwa vuguvugu, inashuka hadi uniti 75 kwa mwezi. Ikizima miezi ya joto, hakuna cha kuhesabu.

Wenye hita ya tangi, ile ya lita 30 au 50 inayoning'inia ukutani, wana hesabu nyingine. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 25 hadi 60 ni uniti 2. Ikiachwa imewaka mchana kutwa, inayapasha tena na tena maji ambayo hakuna mtu aliyeyagusa. Shauri letu ni kuiwasha muda mfupi kabla ya kuoga na kuizima baada ya hapo. Kipupwe iwashwe, kaskazi ipumzike. Ila tahadhari moja: msijaribu kubana kwa kukishusha kidhibiti joto chake hadi maji yakae vuguvugu ndani ya tangi siku nyingi. Maji ya vuguvugu yaliyotuama ni makazi mazuri ya bakteria wa Legionella, wanaoleta ugonjwa wa mapafu. Acha kidhibiti kwenye nyuzi 60, punguza saa za kuwasha, na uchanganye na maji baridi wakati wa kuoga. Hita iliyopumzika muda mrefu ichemshwe hadi 60 na maji ya mwanzo yaachwe yapite.

Katika yote tuliyoyasema leo, hili linalofuata ndilo ambalo tungependa kila mtu alisikie hata kama amesinzia kwa mengine. Wati 5,500 kwa volti 230 ni ampea 24. Soketi ya kawaida ya ukutani ina uwezo wa ampea 13. Hita ya namna hiyo haichomekwi kwenye soketi, wala kwenye ekstensheni, wala haiungwi kwenye waya wa taa. Inahitaji waya wake wenyewe kutoka kwenye boksi la umeme, wa milimita za mraba zisizopungua 4, na sakiti breka yake. Na inahitaji ethi iliyo hai. Tunasema iliyo hai kwa sababu tumeona nyumba ambazo waya wa ethi umefika ukutani na kuishia hapo, kwa kuwa fimbo ya ardhini iliondolewa wakati wa kujenga uzio. Mtu aliyelowa maji, amesimama peku juu ya sakafu yenye maji, mkono wake juu ya bomba: hapo hitilafu ndogo haitoi onyo. Tafuteni fundi mwenye leseni ya EWURA, mwambieni awaonyeshe leseni hiyo, na mwambieni apime ethi mkiwepo. Iko pia swichi ya usalama inayokata umeme mara tu unapovuja, na gharama yake hailingani na msiba. Anayejisikia kuchezwachezwa na umeme akigusa bomba, asioge tena hapo hata mara moja. Azime breka na aite fundi.

Tumalizie na vifaa vya kuongeza, kwa kuwa neno la kuongeza ndilo linalowavutia wauzaji. Mtaani kunauzwa kijisanduku chenye taa ya kijani, unakichomeka kwenye soketi, unaambiwa LUKU itapungua kwa theluthi au nusu. Yule mama wa Chamazi alikuwa nacho. Alikinunua kabla ya kutufikia sisi. Tulichokiona ndani ya vijisanduku vya aina hiyo ni kapasita ndogo na taa. Kapasita ina kazi yake viwandani, penye mota kubwa, ambako mteja hutozwa kwa namna nyingine. Mita ya nyumbani inahesabu umeme uliotumika kweli, na kijisanduku hicho hakiupunguzi hata kidogo. Fedha hiyo ingenunua silingi bodi mbili.

Vifaa vya kuongeza vyenye maana vipo, navyo ni vya kawaida mno: taima ya hita ya tangi, kipimajoto cha chumbani, pazia zito la dirisha la magharibi. Hata mwarobaini uliopandwa upande wa jua la alasiri ni kifaa, ila unaomba subira ya miaka. Chochote mtakachonunua, dai risiti yenye jina la duka, angalia alama ya ubora ya TBS, na uitunze karatasi ya dhamana. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mteja kuhusu kile bidhaa inachoweza kufanya, na malalamiko ya namna hiyo hupokelewa na Tume ya Ushindani. Malalamiko ya huduma ya umeme yenyewe huanzia kwa mtoa huduma. Usiporidhika na jibu, unayapeleka EWURA, na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji lipo kukusaidia kuyaandika. Bila risiti na bila vikaratasi vya LUKU, ni neno lako dhidi ya neno la mwingine.

Kabla ya maswali: tumekuja na karatasi zenye safu mbili, moja ya uniti za jioni na moja ya uniti za asubuhi, na nafasi ya kuandika majira pale juu. Kila kaya ichukue moja. Na wale waliokuja na vikaratasi vyao vya LUKU, au picha ya kibao cha hita iliyopigwa kwa simu, tutakaa nao mmoja mmoja pale chini ya mwembe, tukianza na wazee.